Jioni Mama Alipoitwa Maktabani

Jioni zetu za historia pale maktaba huanza baada ya swala ya magharibi. Ukianza mapema unawakosa wanaoswali, na ukichelewa zaidi unawakosa wenye maduka, maana mtu aliyesimama Kariakoo tangu asubuhi akishaoga hatoki tena. Kazi yangu ni kupanga viti, kuchemsha chai na kuhakikisha kipaza sauti hakikoromi. Mada zetu ni mambo ya hapa hapa mjini: harusi za zamani, vikundi vya ngoma, nyumba za vyumba sita zenye ua mmoja na ugomvi mwingi. Watu wanakuja wamechoka, wananung'unika kwamba chai haina sukari, kisha muda wa kufunga ukifika hawataki kuondoka.

Mwanzoni nilishangaa mtu mzima kulipa nauli aje kuonyeshwa picha ya nyumba aliyozaliwa mwenyewe. Siku hizi sishangai. Nyumba haipo tena, pale pana ghorofa linalouza mapazia, na mwenyewe anapita chini yake kila siku akikwepa mikokoteni. Kwetu anaiona ukutani, anaiangalia anavyotaka, na hakuna wa kumwambia apishe njia.

Zamani mtafiti mmoja alizunguka mitaa ya Kariakoo na kinasa sauti, akiwahoji wanawake wazee. Kaseti zake zilikaa stoo kwetu mpaka tulipopata fundi wa kuziingiza kwenye kompyuta. Mmoja wa waliohojiwa alikuwa bibi yangu, mama yake mama, aliyekuja mjini kutoka Lindi akiwa mwari na hakurudi tena. Alifariki nikiwa mdogo sana. Nilisikiliza mwanzo tu, nikahakikisha sauti iko sawa, nikamwambia mama kwamba tutaicheza kwenye jioni yetu ijayo. Akauliza siku hiyo avae nini.

Alivaa doti mpya chini ya baibui, akajifukiza udi, akakaa safu ya mbele. Taa zikazimwa ili picha zionekane. Ukutani ikatokea barabara ya vumbi na nyumba za makuti, na kwenye spika bibi akaanza kusimulia mafuriko ya Jangwani, jinsi watu wa bondeni walivyokuja na magodoro kichwani kulala barazani kwake, na jinsi alivyowapikia uji huku akiwasema. Watu wakacheka. Nilimsikia mama naye akicheka gizani, na mimi nikajisifu moyoni kwamba nimempa zawadi.

Katikati ya maneno bibi akasita. Nadhani aligeuza uso, maana sauti ilisogea mbali kidogo, kisha akaita. Alimwita mama yangu, kwa jina lake la utotoni, ambalo halimo kwenye kitambulisho chake na ambalo hakuna aliye hai anayelitumia. Alimtaka aje aepue sufuria.

"Abee, mama," mama akaitika, akasimama.

Aliitika papo hapo, kama mtoto wa kike anavyofunzwa, na mguu mmoja alishautanguliza. Nikabonyeza kitufe, sauti ikakatika. Mtu yeyote aliyelelewa na mama wa Pwani anajua kwamba ukiitwa na usiyemwona, tena saa za magharibi, huitiki. Huenda anayekuita si wa upande huu, na ukimwitikia umekubali kumfuata. Mama alifunzwa hivyo na bibi mwenyewe, tena kwa kufinywa.

Mzee mmoja wa Kiarabu, mwenye duka la halua jirani na maktaba, ndiye aliyewasha taa. Alimsogezea mama kikombe cha chai, akamwambia kwa upole asome aya zake, aende akapumzike, ile ni mashine tu. Mama akamjibu kwamba mashine haikulijua jina lake.

Kuanzia siku ile mama hakumwitikia mtu. Nyumbani ukimwita ukiwa uani, kimya. Ukimwita kutoka barazani, kimya. Sharti uende ukasimame mbele yake akuone uso, ndipo aseme abee, tena kwa sauti ya chini. Jirani alinivuta pembeni akaniuliza kama bimkubwa ameanza uziwi. Mimi nimekuwa nikimwita mama yangu tangu nilipojua kusema, na sijawahi kuita nikakosa jibu. Wiki zile nilikuwa naita nikisahau, kisha nasimama pale na mwiko mkononi nikisikiliza kimya chake. Kuna siku nililia palepale jikoni, na nilikuwa na hasira.

Hasira zilizidi alipoanza kuaga. Alipiga simu Lindi kwa ndugu asiokuwa amezungumza nao miaka mingi, akawaambia tusameheane. Alitoa sanda yake sandukuni, akaianika, akairudisha. Alinionyesha khanga zipi nimpe nani. Nikamwambia mama, ile ni kaseti, bibi aliita siku aliyohojiwa, hakuita juzi.

"Najua ni kaseti," akasema. "Na niliyeitika ni mimi, juzi."

Nikafyonya nikatoka nje, jambo ambalo kwa mama yangu hulifanyi likapita salama. Safari hii lilipita. Hata kunigombeza hakutaka, na hilo ndilo lililonitisha kweli. Mtu anayejiandaa kuondoka hana haja ya kukufunza adabu.

Nikapata wazo. Mama alikuwa binti wa nyumba ile, na siku ya mahojiano alikuwepo. Ikiwa bibi alimwita, bila shaka alimwitikia, na sauti yake mwenyewe ya usichana imo kwenye ile kaseti. Basi mwito ulishajibiwa siku nyingi na hauna deni kwa mtu. Nilimwelezea hivyo. Akavaa baibui lake, tukaenda maktaba mchana, wakati wasomaji wachache tu wanasinzia juu ya magazeti.

Tulijifungia ofisini. Nilianzia nyuma kidogo ya pale nilipokata. Bibi akaita, sufuria iepuliwe. Nikasubiri abee. Kilichosikika ni mlio wa mkokoteni barabarani na jogoo wa mtu. Bibi akaita tena, kwa sauti kubwa zaidi, na hakuna aliyejibu. Nilitamani nizime lakini mama alikuwa amenishika mkono. Kisha bibi akacheka, kicheko cha kooni, akamwambia yule mtafiti:

"Huyo haitiki upesi. Lakini atakuja tu."

Akaendelea na mafuriko yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi nilifumba macho. Nilihisi nimemchukua mama yangu kwa mikono yangu nikampeleka kaburini. Nilipofumbua, machozi yalikuwa yanamtiririka na alikuwa anatabasamu. Akaniambia alikuwepo nyumbani siku hiyo, chumbani, amejifanya amelala. Bibi alikuwa amemkatazia kwenda kwenye ngoma ya shoga yake, naye akaamua kumsusia. Aliisikia sauti mara zote mbili. Hawakuwahi kulizungumza, na mama amekaa na jambo lile mpaka uzeeni, akiamini bibi aliumia mbele ya mgeni.

"Kumbe alicheka," akasema. Aliomba nimrudishie pale, nikamrudishia, kisha tena.

Tukarudi nyumbani kwa miguu. Njiani alinunua embe, akabishana bei na mchuuzi, akanisema kwa viatu nilivyovaa. Nilimshukuru Mungu. Jioni niliketi barazani nikichambua mchele, nikawa najiambia limekwisha. Adhana ya magharibi ilikuwa imemalizika na mtaa umetulia kidogo, ndipo nikamsikia mama kutoka chumbani kwake.

"Abee," alisema. "Abee, mama. Nakuja."

Sikuwa nimemwita. Hakuna mtu mwingine ndani, na mimi ananiita mwanangu. Niliweka ungo chini, nikaingia. Alikuwa ameketi kitandani anakunja nguo, ameshaswali, uso wake hauna wasiwasi wowote. Nikapiga magoti miguuni pake, nikamwomba, mimi mtu mzima mwenye mvi, nikimbembeleza kama mtoto, asiitike tena. Nilimwambia naogopa. Nilimwambia sina mtu mwingine.

Alinifuta machozi kwa ncha ya khanga yake.

"Wiki zile niliponyamaza, wewe ulikuwa unalia jikoni, nilikuwa nakusikia," akasema. "Na yeye ni mama yangu. Nimnyamazie mpaka lini?"