Mkalimani wa Saluni

Nikisikia harufu ya nywele za bandia zinazochovywa kwenye maji ya moto, narudi mtaani Malvern, ugenini tulikohamia, katika saluni ya mama pale Jules Street, Jumamosi ile niliyokataa kuomba radhi. Nilikuwa na miaka kumi, na niwaambie ukweli, mpaka leo sijaomba.

Mdogo wake mama, Mama Furaha, alikuwa na mchumba tuliyemwita Tonton Régis, yaani Mjomba Régis, mkalimani wa kanisa letu. Mhubiri akisema kwa Kiingereza, yeye alisimama pembeni akitugeuzia kwa Kiswahili, na hakuna aliyemtilia shaka. Kesho yake, Jumapili, alikuwa apeleke majina yao kwa mchungaji ili ndoa yao itangazwe.

Siku hiyo alituletea filamu ya zamani ya Waingereza, aliyoinunua kwa wachuuzi wa mjini. Ilimhusu bwana mmoja mtanashati, mpenda nafsi yake, aliyeruka kutoka kwa mwanamke huyu hadi yule, na kila mara alitugeukia sisi watazamaji kutusimulia ujanja wake. Tonton alisimama kando ya televisheni kama yuko madhabahuni, akatafsiri, na alicheka kuliko wote. Lakini katika Kiswahili chake yule bwana alikuwa mtu mpole, mwenye bahati mbaya tu. Mimi Kiingereza nilikisoma kila siku shuleni. Nikajua anapotosha.

Ikafika mahali mwanamke analia, na bwana anatuambia jambo huku akiweka tai yake sawa. Mama Furaha, kichwa kimesukwa nusu, akauliza, "Anasema nini pale, Régis?"

"Anasema anamupenda, ila anaomba muda."

"Hapana, Tonton," nikasema. "Anasema amemchoka, na wengine wapo."

Mikono ya mama ikasimama. Akaniamuru niombe radhi, maana mtoto hamkosoi mkubwa mbele za watu. Nikakataa. Akaniahidi fimbo, nikakataa tena. Mama Furaha hakunitazama. Alimwambia Régis, kwa sauti yake ya kila siku, kwamba kesho asihangaike kwenda kwa mchungaji.

Fimbo niliipata, na nililala nikijiona shujaa niliyemwokoa mama mdogo asiyejua Kiingereza. Miaka ilipita ndipo mama aliponiambia kwamba, kabla ya kuja kwetu, Mama Furaha alilea watoto wa Waingereza huko Durban miaka minne, kazi asiyopenda kuisimulia. Alielewa kila neno la ile filamu. Alimuuliza Régis swali ambalo jibu lake alikuwa nalo tayari.