Kata Mbili za Mvua

Jana binti yangu alinijia jikoni, hapa Mombasa, na swali la hesabu: uongeze maji kiasi gani ili ukali wa chumvi chomboni upungue nusu? Mimi nakaanga samaki, mafuta yananirukia, yeye kaniganda. Nikamuuliza, "Na hayo maji ya kuongeza wameyatoa wapi?" Akacheka, akaona mamake ana vituko. Wewe usicheke, mwenzangu. Hesabu hiyo naijua tangu nikiwa mdogo kuliko yeye, kwetu kisiwani Chula, upande wa Kismayo.

Vita vilikuwa vimeshatufikia. Wenye bunduki walikaa pale pale pwani tulipokuwa tukiparua samaki, wakazuia mashua zote, na hakuna aliyeruhusiwa kutoka. Waliokimbia Kismayo walijaa kila ua. Kisima kikachotwa mchana kutwa hadi kikaingia chumvi, na maji matamu yakabaki ya mvua tu, kwenye birika la nyumba yetu, lile tangi la kukingia mvua. Loo, kisiwa kilikuwa kidogo! Zamani sikuwahi kukiona kidogo. Sasa nikikimbia huku nakuta bahari, kule nakuta bunduki, narudi nyumbani.

Mwalimu wetu alikataa kufunga shule, ingawa madawati yalikuwa yameshageuzwa kuni. Alitukalisha mchangani na kata, ule upawa wa kifuu, akasema: tuseme kata moja ya kisima ina mafungu matatu ya chumvi, itie kata mbili za mvua, kila kata itabaki na fungu moja, na hayo yananyweka. Tukaonja, tukakunja nyuso, tukacheka. Niliipenda hesabu ile kupita kiasi. Siku zile kila kitu kilikuwa kimefungwa, lakini yenyewe ilikuwa na jibu.

Nyumbani nikapewa kazi ya kuchanganya. Maziwa ya mama yalikuwa yamekauka, na mdogo wangu, bado mchanga, akipewa maji ya chumvi anaharisha. Ilibidi apate ya mvua matupu mpaka tupate njia ya kutoka, la sivyo tutamzika. Mama aliniambia hivyo hivyo, bila kupindapinda. Basi kila asubuhi nilitenga ya mtoto kwanza, yaliyobaki nikayachanganya na kuyagawa.

"Mimi nitoe hesabuni," bibi akasema. "Mimi ni mchu mzima, maji ya kisima nimeyazoea." Mchu ndiye mtu, kwa Kibajuni chetu.

Akayanywa mbele yangu, akapangusa mdomo, akanitania eti chai yangu imepooza. Nikamtoa. Nikagawa kwa wawili, mama na mimi, nikampelekea mwalimu hesabu yangu. Akasema sawasawa kabisa, nikarudi nyumbani nikirukaruka.

Miguu ya bibi ikaanza kuvimba, kisha uso. Tulimzika pale pale Chula. Baadaye wenye bunduki wakaitwa kupigana kwingine, watu wakazirudia mashua zao, tukaondoka na mtoto mzima mgongoni kwa mama.

Mtoto yule ana ndevu sasa, na akija kula kwangu hulalamika mchuzi hauna chumvi. Nyumba hatuna tena, birika hatuna, Kibajuni changu wanangu wanakisikia nikikasirika tu. Namkumbuka bibi kila siku.

Binti yangu alipata jibu lake, akaniletea nilitazame. Lilikuwa sahihi. Nikalikagua tena hata hivyo, nione kama kuna mchu aliyeachwa nje.