Alama za Magego

Kwa miaka ishirini na saba Mama Meno aliwatazama watu mdomoni kabla ya kuwatazama machoni. Kazi ndiyo iliyomzoesha hivyo. Alichonga meno bandia katika chumba kidogo nyuma ya kliniki, kati ya ndoo ya plasta na mashine ya kung'arishia iliyolia kutwa, na nusu ya wazee wa mtaa ule walicheka kwa jasho lake. Kunong'ona hakujui. Daktari mwenyewe alimwogopa kidogo, na alikuwa na sababu.

Kitu kimoja hakukipenda kabisa: ngumi. Binti yake alipomleta nyumbani fundi bomba aliyekuwa pia bondia, alisema wazi, chai ya mgeni ikiwa bado mkononi, kwamba hakulea mtoto miaka yote hiyo aje kumuuguza mwanamume aliyejitakia. Ndoa ikafungwa vilevile. Mama Meno akanuna mwaka mzima, kisha akamtengenezea mkwe kinga ya meno, ule mpira anaoung'ata bondia ulingoni. Kama ni lazima apigwe, alisema, asipoteze meno mazima.

Halafu likaja pambano la Trekta. Trekta ni bingwa, hajapigwa hata mara moja. Mpinzani wake alijitoa, waandaaji wakatafuta wa kujaza nafasi, wakampata mkwe: miaka thelathini na minane, goti bovu. Miezi miwili mabango yalijaa kutani, uso wake umekunjwa kwa amri ya mpiga picha, na chini yake maandishi makubwa: ASIYEJUA HOFU. Watu wakajazwa upepo, wakajaa. Jumamosi mchana, sekunde themanini na tano, konde moja, mkwe chali.

Mtaa mzima ukasema ameuza pambano. Hilo la kusemwa angelimeza, lakini kila jioni alikuwa akifundisha ngumi watoto ishirini na wawili katika ukumbi wa mtaa, na wazazi wakaanza kuwatoa. Nani amkabidhi mwanawe kwa mtu aliyejiangusha? Wakabaki watatu. Mkwe akalala uso ukutani, siku tisa hatoki, na mkewe akaanza kuogopa kwamba hatarudi ukumbini tena.

Siku ya tisa, Jumatatu asubuhi, binti alileta ile kinga ndani ya kikombe.

"Itupe, mama. Hataki hata kuiona."

Mama Meno hatupi kitu bila kukikagua. Aliiweka chini ya taa, akaigeuza, akaigeuza tena, akakaa kitako. Wakati huohuo, kupitia kidirisha cha kupokelea kazi, aliwasikia wagonjwa wawili kwenye benchi.

"Ngumi imegusa bega," alisema dereva mstaafu. Meno yake ya juu yalikuwa kwa Mama Meno yakirekebishwa, mashavu yameingia ndani, lakini domo halikupungua. "Bega! Mimi sokoni nagongwa bega kila siku, sianguki."

"Lakini mzee, Trekta yule," alisema kijana aliyevimba shavu, video ya pambano ikicheza kwenye simu mkononi. "Mimi angenipuliza tu ningelala. Na angalia hapa, kama imepita bega ikatua nyuma ya sikio."

"Sikio gani! Nimeangalia ngumi miaka arobaini. Alianza kuinama ngumi ikiwa bado njiani. Yule alichagua pa kulala."

Mama Meno akatoka, meno ya mzee mkono wa kushoto, kinga mkono wa kulia.

"Mzee, haya ya nani?"

"Yangu, mama."

"Nani kayachonga?"

"Wewe, mama."

"Basi meno niliyochonga mimi hayatamtafuna mkwe wangu mlangoni pangu."

Kijana akacheka, shavu likamuuma, akaacha. Daktari alichungulia, akaona ni nani anayefoka, akafunga mlango wake taratibu.

"Tazameni," alisema akiinua kinga. "Ukipigwa, taya huenda upande mmoja, na alama zinaingia upande mmoja. Hizi ziko pande zote mbili, sawasawa, na zimerudiwa mara nyingi. Magego yametoboa mpaka upande wa pili. Huyu aliuma hivi kabla hajaguswa."

Mzee akaishika, akapima tundu kwa kucha.

"Kwa hiyo aliogopa."

"Aliogopa sana. Sasa niambie wewe wa miaka arobaini: mtu aliyekubaliana nao kwamba ataanguka, anaogopa nini?"

Mzee alimrudishia kinga. Aliyavaa meno yake na kuondoka bila hata kuyajaribu kwenye kioo.

Habari haikungoja. Kufika saa sita mtaa ulikuwa na utani mpya: Asiyejua Hofu kumbe mwoga. Binti akapiga simu analia.

"Mama, umemmaliza. Heri walivyosema kwanza."

Hapo ndipo Mama Meno alipojisikia vibaya. Alikata simu, akashika nta, akaiweka tena chini. Alikuwa ametoa siri ya mwanamume mzima kwenye benchi la wagonjwa, na hakumuuliza.

Saa tisa mkwe alifika mwenyewe, ndevu za siku tisa, akasimama mlangoni pa karakana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Umewaambia niliogopa."

Mama Meno angeweza kusema alikuwa akimtetea. Hakusema.

"Nimewaambia."

"Tangu chumba cha kubadilishia nguo, mama. Niliiuma ile kinga kabla hata sijaitwa. Sikumwambia hata mke wangu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nikatoka hivyohivyo. Nikamfuata Trekta hivyohivyo. Basi mwoga nakubali, waandike hata ukutani. Mwizi sikubali."

Mama Meno alimvutia kigoda, lakini mkwe hakukaa.

"Naomba ile kinga," mkwe akaendelea. "Saa kumi na moja nina mazoezi. Wale watatu nataka waione, niwaeleze."

Mama Meno alizima mashine, akavua aproni, akaitia kinga mfukoni mwake yeye.

"Wewe magego utayaelezaje?" alisema. "Twende."

Wakatoka kwa mlango wa mbele, wakipita katikati ya benchi lililojaa watu.