Betri ya Kizuka

Mafundi wa simu wamejaa Ngamiani. Wengi wao wamejifunza kwa kufungua na kufunga, wakiharibu za watu mpaka mkono ukazoea. Mimi nilisoma. Niliondoka Tanga na begi moja, nikaenda Maskati kubeba makatoni katika duka la vifaa vya umeme, na jioni wenzangu walipokaa kucheza karata mimi nilikuwa darasani. Nilirudi na stashahada ya elektroniki, mtaji wangu mwenyewe, na katoni ya betri ambazo wakati ule hakuna aliyekuwa nazo mjini. Cheti nimekitundika dukani kwangu, Barabara ya Nane, juu ya kiti ninachokalia. Mteja anayetaka kubishana na mimi hukisoma kwanza.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba mambo ya betri sibahatishi. Betri inayoanza kuharibika naijua kabla mwenye simu hajahisi kitu. Naiweka juu ya kioo cha meza, nainyooshea kidole, naisukuma pembeni. Betri nzima hukwama palepale, maana imelala bapa. Iliyoanza kuvimba huzunguka kama pia. Uvimbe wenyewe unaweza kuwa mdogo hata jicho lisiuone, lakini meza inauona. Wateja hucheka nikiwaonyesha, wakaomba niizungushe tena.

Siku hizi siizungushi kuchekesha watu.

Dada yangu mkubwa anaishi Tongoni, ukishapita njia ya magofu, katika nyumba ya bati aliyojengewa na mumewe. Shemeji alikuwa dereva wa lori la mkonge. Hawakujaaliwa mtoto, na nadhani ndiyo maana walikuwa wakizungumza sana. Kila alipofika mahali alimpelekea mkewe ujumbe wa sauti: nimepakia, nimesimama kula, tairi limenisumbua. Siku aliyokufa alituma mmoja kutoka Muheza. Nimeusikia mara nyingi kuliko nilivyopenda. Injini inaunguruma, mtu anauza machungwa kwa mbali, kisha yeye anasema, sauti yake ya siku zote: "Bibie, nakuja. Magharibi nitakuwa nyumbani. Usizime simu, nitakupigia."

Umeme ulikuwa umekatika Tongoni tangu jana yake. Betri ya simu ya dada ilikuwa imechoka, ya kukudanganya kwamba ina robo na papo hapo ikafa. Ilikufa muda si mrefu baada ya ujumbe ule. Lori lilipinduka kabla halijaingia mjini. Waliowahi kufika walisema shemeji alikaa hai kwa muda, amebanwa kiunoni, simu iko mkononi anapiga. Umeme uliporudi, maiti ilikuwa imeshaletwa. Mtu mmoja, kwa wema tu, aliichomeka simu ya dada. Ikawaka, na taarifa zikaanza kuingia moja baada ya nyingine, za kumwambia nani alimpigia alipokuwa hapatikani. Jina lilikuwa lile lile. Wanawake walioketi mkekani waliusikia kila mlio. Mavyaa yake, yaani mama mzazi wa marehemu, alikuwa amekaa karibu naye hata magoti yao yakigusana.

Alichotaka kusema shemeji mpaka leo hakijulikani.

Dada akaingia eda. Kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, na mwenyewe huitwa kizuka. Hatoki, hajipambi, hatii manukato, na wanaume wanaokaa naye ni maharimu zake tu, nami nilikuwemo kwa kuwa tumezaliwa tumbo moja. Mavyaa yake alihamia pale ili akae naye. Majirani walimsifu kwa wema wake. Mimi niliona jinsi alivyokuwa akiitazama ile simu.

Matanga yalipoondolewa nikaenda kumtilia dada betri mpya. Nilimchagulia bora kuliko zote nilizokuja nazo: nene mara mbili ya ile ya kawaida, yenye mfuniko wake wa nyuma, mpana na mnene, simu ikawa kama kipande cha tofali. Betri ile inakaa siku kadhaa bila kuonja umeme. Nilipomaliza kuifunga niliilaza kwenye stuli, ikatulia vizuri. Nikasema, mavyaa akiwa anasikia:

"Dada, hii haitazima tena mikononi mwako."

Mavyaa alikuwa akichambua mchele, hakuinua macho. "Tumesikia," akasema.

Nilimpa dada masharti. Ikijaa uichomoe. Usiifunike. Usiiweke chini ya mto. Aliitikia yote kama mtoto anayeitikia mwalimu. Nilipoondoka tu akaichomeka, na hakuichomoa tena. Umeme ukiwepo ilikuwa kwenye waya, mchana kutwa na usiku kucha, imeviringwa kanga kuukuu na kusukumwa chini ya mto, katika chumba ambacho bati lake likishapigwa na jua la mchana unadhani kuna tanuri darini. Hilo sikulijua. Kila nilipokwenda aliichomoa kwanza, akaipangusa, akaiweka wazi ili nione anavyonitii.

Nilikuwa nakwenda kila Ijumaa baada ya swala, kwa pikipiki yangu. Ijumaa moja mavyaa alinisubiri barazani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akanivuta pembeni ya mlango.

"Fundi," akasema. Alizoea kuniita hivyo, neno mwanangu hajawahi kunipa. "Dada yako anapaka rangi kucha."

Nilimwambia haiwezekani.

"Pua yangu haijafa. Mwanangu udongo wake haujakauka, chumba kinanukia kama saluni. Siku ile simu ilizimwa, leo tunajipulizia. Anamngoja nani?"

Alisema kama hali hii itaendelea atawaita wakubwa wa upande wao waje waisikie wenyewe. Nilijua maana yake. Mjane anayetiliwa shaka katika eda hapati tena uso wa kuwatazama watu wa kijiji, na nyumba ile, ingawa imejengwa kwa ajili yake, imesimama kwenye kiwanja cha ukoo wa mumewe. Niliingia ndani nimekasirika, nikamwambia dada anionyeshe mikono. Akaniletea vidole vyake mbele ya macho. Kucha zilikuwa tupu, zimekatwa mpaka karibu na nyama.

Lakini harufu ilikuwepo. Ilikuwa tamu, yenye ukali kwa mbali, kama rangi ya kucha, kama nanasi lililopitiliza kuiva. Inakuja, inapotea. Nilisimama katikati ya chumba nikiivuta, na kabla sijaifuata ilikotoka nywele za shingoni zilikuwa zimeshasimama. Harufu ile tulifundishwa darasani. Mwalimu wetu alituambia ukiisikia, swali la kwanza ni nani amelala karibu nayo.

Niliomba simu. Ilikuwa na joto kama mkono wa mtu mwenye homa. Niliilaza kwenye stuli ile ile, nikaisukuma kwa kidole. Ikazunguka. Ilizunguka polepole, bila sauti, dada akiitazama kutoka kitandani, mpaka ikasimama yenyewe. Mfuniko wa nyuma ulikuwa umeachia upande mmoja, na ndani ya ule ufa kulionekana kitu cha rangi ya fedha, kimejaa, kinang'aa.

Mavyaa alikuwa mlangoni. "Tumekaa eda tuangalie mimba," akasema, "kumbe imeshika simu."

Sikucheka. Nilimweleza dada, taratibu na kwa maneno mepesi, kwamba mle ndani kuna gesi inayojikusanya, kwamba ikitoboka au ikizidi joto italipuka moto, na moto wenyewe utakuwa chini ya sikio lake. Nilimwambia aizime sasa hivi nami niitoe. Aliichukua kutoka kwenye stuli akaipakata.

"Aliniambia nisizime," akasema.

"Aliyekuambia hayupo, dada."

"Ndiyo hivyo. Sasa nani aniruhusu?"

Nilimwambia sauti zote naweza kuzihamisha, hazitapotea hata moja. Alisema anajua naweza, mdogo wake amesoma. Hakuwa na hofu ya kupoteza sauti. Alikuwa na hofu ya ile dakika ambayo mtu atapiga asimpate. Nilimuuliza mtu gani. Akanitazama tu, na mavyaa kule mlangoni naye akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nyuso za wale wanawake wawili zilifanana.

Fundi mwingine angeinyakua, au angekwenda zake. Mimi niliwaambia kwamba nitabadilisha betri simu ikiwa inawaka. Mjini sijamwona aliyewahi kufanya hivyo, nami nililifanya mara moja tu Maskati, juu ya meza ya shule, kwa simu isiyo na mwenyewe. Simu nzima, na betri yake iliyovimba, niliiacha ndani ya sufuria uani, mbali na kitanda, waya umechomolewa. Dada akakubali kuikalia macho kutoka mlangoni. Asubuhi yake nilirudi na betri mpya iliyojaa, miwani, na vifaa vyangu.

Tulifanyia uani. Mavyaa alileta ndoo ya mchanga mkavu bila kuuliza wa nini. Nilimwomba dada akae mbali, akasogea hatua mbili. Niling'oa mfuniko. Betri ilikuwa imejaa kama andazi, ngozi yake imekaza, na ile harufu ikapanda usoni. Nilipenyeza vipande viwili vyembamba vya shaba kwenye meno ya simu yanayogusa betri, chanya na hasi, nikaviunganisha na betri mpya kwa waya, ili simu inywe kutoka pande mbili. Hapo shaba ikigusana na shaba, umekwisha. Mkono wangu haukutetemeka, nalisema kwa sababu ni kweli. Kisha nikaanza kuichokoa ile ya zamani kwa kipande cha plastiki, kidogo kidogo, maana ukiikunja inapasuka.

Ilipotoka, kioo kikafifia. Nikamsikia dada nyuma yangu akivuta pumzi, hakuitoa. Kisha mwanga ukarudi. Ile saa ndogo juu ya kioo ilikuwa ikiendelea kuhesabu kama kwamba hakuna kilichopita.

Niliitumbukiza betri mbovu kwenye ndoo, nikaifunika mchanga, kisha nikaipachika mpya mahali pake na kuvitoa vile vipande vya shaba. Nilikuwa nikifunga mfuniko mpya iliposikika kama mtu anayenyonya meno. Mchanga ukainuka, moshi mweupe ukatoka, halafu ulimi wa moto ukachomoza kwenye ndoo kufika usawa wa kifua changu. Ulisimama pale muda wa kutosha sisi sote kuuona, ukazama. Ndoo ilikuwa ya plastiki, ikajikunja. Uani kote kukajaa ile harufu tamu, nzito sasa kuliko ilivyokuwa chumbani.

Mavyaa aliivuta puani. Akavuta tena. Alikwenda akakaa chini karibu na dada, pale kizingitini, magoti yao yakagusana.

"Niwekee mwanangu nimsikie," akasema.

Kumbe tangu msiba hakuwahi kuusikia ule ujumbe. Dada akauweka. Injini, machungwa, nakuja, usizime simu. "Tena," mavyaa akasema. Nilikusanya vifaa vyangu, nikanawa mikono, nikavaa kofia ya pikipiki, na walikuwa bado wanamsikiliza.

Habari ya wakubwa wa ukoo ikafa pale pale. Mjini niliisimulia kazi ile kwa wiki nzima, na mafundi wa mtaa wangu walikuja dukani kuuliza ilivyowezekana. Niliwaonyesha cheti.

Eda ikaisha. Hitma ikasomwa, wanawake wakamwogesha dada, akavikwa kanga mpya zenye harufu ya karafuu. Watu walipopungua nilimwambia sasa basi, aizime japo kwa nusu saa, ipoe, kisha nitamzoesha simu nyingine. Aliyenijibu ni mavyaa.

"Wewe si ulisema haitazima?"

Hakurudi kwake. Wanalala kitanda kimoja siku hizi, dada upande wa ukutani, yeye upande wa mlango, simu katikati yao, waya umepita juu ya miguu. Jioni wanamsikiliza, halafu wanakaa kimya mpaka magharibi ipite. Nimewaeleza habari ya joto, nimewaeleza habari ya kuifunika, nimewakumbusha ile ndoo. Wanaitikia pamoja kwamba wamesikia. Simu ile ni ya zamani na kiwanda hakitengenezi tena betri za aina yake. Katoni niliyokuja nayo kutoka Maskati imebaki na mbili.

Ijumaa iliyopita nilipoingia nilikuta chumba kimefungwa madirisha. Niliwaamkia, nikaomba simu. Dada aliichomoa, akaipangusa kwa ncha ya kanga, akanipa. Niliiweka kwenye stuli nikakaa kidogo bila kuigusa, nikazungumza habari za barabara na za mvua. Kisha nikanyoosha kidole.

Ilizunguka nusu tu, ikasimama imewaelekea wao.

"Umekuja na nyingine?" dada akaniuliza.

Nilikuwa nayo mfukoni. Nilipogeuka kumwomba mavyaa ndoo, hakuwepo. Alikuwa ameshatoka kwenda kuchota mchanga.