Tuzo ya Mtoto Mtulivu

Nilipokuwa mdogo, kwenye shamba la zamani la mlowezi ambako wazazi wangu walilima, mtoto kiziwi alipewa mbuzi, si kalamu. Alichunga hadi akaota ndevu. Kwa hiyo shule ya msingi ya hapa mtaani kwetu, Rhonda, ilipomkubali binti yangu asiyesikia, akae darasa moja na watoto wa majirani, nililia kwa furaha. Shule ya bweni ya viziwi, iliyo mbali kupita Salgaa, niliikataa. Nilitaka mtoto wangu alale kwangu.

Miaka miwili ya kwanza ilikuwa mitamu. Palikuwa na mwalimu mmoja aliyejua lugha ya ishara, naye akalifundisha darasa zima. Watoto wa Kikuyu, wa Kikalenjin, wa Kijaluo na wa Kikisii, ambao wazazi wao hutazamana kwa jicho la pembeni kila uchaguzi unapokaribia, walipiga umbea kwa vidole, na hakuna aliyechekwa lafudhi. Mtoto akijibu vizuri, hawakupiga makofi. Waliinua mikono juu wakaitikisa, ili hata binti yangu aone anapopongezwa.

Kisha mwalimu yule akapewa uhamisho kwenda Gilgil. Hakuletwa mwingine. Vidole vya darasa vikapoa polepole, kama jiko lisiloongezwa makaa. Nilipoenda kulalamika, mwalimu mkuu alinivutia kiti na kutabasamu.

"Mama, huyu wako hana shida yoyote. Ona hii handwriting! Nikipata watoto kumi kama yeye, mimi nitapumzika."

Mwandiko ulikuwa mzuri kweli. Binti yangu alinakili ubao wote, hadi tarehe, bila kuelewa kitu. Majirani wakaniambia mvumilivu hula mbivu. Methali nyingine zingefaa kupigwa marufuku.

Siku ya kufunga shule, jina lake likatajwa. Tuzo ya nidhamu: mwanafunzi ambaye hakupiga kelele darasani mwaka mzima. Wazazi wakapiga makofi mpaka mabati yakatetemeka. Yeye aliendelea kutazama viatu vyake, hadi mwenzake wa dawati akamsukuma bega. Niliwatazama wanafunzi wa darasa lake, nikitafuta mikono iliyoinuliwa. Sikuona hata mmoja.

Njiani kurudi nyumbani akanionyesha cheti, akaniuliza kwa vidole, "Nilifanya nini?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamjibu, "Ulinyamaza."

Akatembea kidogo, kisha akasimama mbele yangu ili nimwone vizuri. "Ile shule ya mbali, wote wanaongea kwa mikono?"

"Wote."

Tulipofika nyumbani hakuvua hata sare. Aliinama chini ya kitanda, akavuta sanduku langu la bati, akaanza kutoa nguo zangu apate pa kuweka zake.