Sinia Juu ya Kiti Kitupu

Mpaka leo, nikisikia harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyopoa, kinyaa hunipanda kooni, na mbele ya macho yangu hurudi ukumbi ule wa Granville, baina ya gereji na duka la matairi, ambao Walatino, wahamiaji kutoka Amerika ya Kilatini, wa magharibi mwa Sydney waliugeuza kuwa makumbusho yao. Palikuwa pazuri, nalisema hilo kwanza ili nisimdhulumu mtu. Vinyago vya karatasi, magitaa, picha za wazee walipowasili na masanduku yaliyofungwa kwa kamba: vyote hivyo watu walivitoa katika makabati yao wenyewe.

Jirani yangu wa Toongabbie, mjane kutoka Chile, alikuwa ametoa kitambaa. Nilimwita Mama tangu wiki ya kwanza, kwa kuwa mtu wa Tanga hawezi kumtaja kwa jina mwanamke wa umri ule. Alicheka, kisha akaanza kuniita mwanangu, tukawa tumemaliza. Kitambaa hicho, kikubwa kama foronya, alikishona kwa viraka: milima, nyumba, meza, wanawake wawili, na kiti kimoja kitupu. Kiti alikikata kutoka kwenye shati la mumewe, la buluu lenye mistari myeupe. Mume mwenyewe alichukuliwa na askari wa utawala wa kijeshi kule Chile asubuhi moja akiwa amevaa shati jingine, na hakuonekana tena, hai wala maiti.

Kwetu nguo za marehemu hugawiwa arobaini inapofika. Yeye hakuifikia arobaini, maana hakupewa siku ya kwanza ya kuhesabia. Kiraka kile ndicho kilichokuwa kaburi. Kila mwaka, siku aliyochukuliwa mumewe, makumbusho walimteremshia kitambaa ukutani. Aliweka kiganja juu ya kiti, akanyamaza kidogo, akarudi nyumbani kupika. Hakudai zaidi ya hapo.

Mwaka wa kwanza wa korona alikatazwa. Mimi ndiye niliyempeleka kwa gari, kwa hiyo niliyasikia yote. Mwenyekiti, mtu wa jamii yao hiyohiyo, alitupokea akiwa amevaa barakoa iliyochapwa nembo ya makumbusho.

"Shangazi, mwaka huu hakiguswi kitu," alisema. Ndivyo wanavyowaita wanawake wazee, hata wasio ndugu.

"Nimekishona mimi."

"Najua, shangazi wangu. Lakini virusi havijui nani kashona."

Aliucheka mzaha wake peke yake. Mama alikitazama kitambaa kutoka kwenye alama ya nyayo iliyobandikwa sakafuni, tukaondoka.

Mwaka wa pili hata mlango haukufunguliwa. Sisi wa magharibi tulifungiwa kwa ukali ambao watu wa ufukweni hawakuuonja. Helikopta za polisi zilizunguka juu ya mapaa yetu huku wao wakiota jua. Siku yake ilipita akiwa jikoni. "Mwaka wa pili sasa sijamgusa," aliniambia juu ya ua wa mbao unaotutenganisha, "na mimi sizidi kuwa kijana." Sikuilaumu sheria. Nafanya kazi katika nyumba ya wazee kule St Marys, na nilikwisha kuona watu wakiagana na mama zao kupitia kioo cha dirisha. Nilimwambia kwamba angalau kitambaa kinalindwa.

Makumbusho yalipofunguliwa tena kukawa na sherehe, na mwenyekiti akamwahidi kwa simu kwamba safari hii atagusa. Mama alipiga pasi gauni lake jeusi. Mlangoni tulionyesha vyeti vya chanjo, tukapakwa kitakasa mikono. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wake. Palipokuwa na kitambaa palikuwa na bango la mfadhili, kampuni ya kuuza nyama.

"Hapa utamaduni haufungiwi nyuma ya kioo!" mwenyekiti alikuwa akitangaza kwenye kipaza sauti. "Hapa tunauishi! Tunaula!" Wageni wakapiga makofi.

Na kweli walikuwa wakiula. Meza ndefu ilitandikwa vitambaa vilivyoondolewa ukutani, na juu ya vitambaa yalipangwa masinia ya sambusa zao za nyama. Mgeni mmoja mwenye tai aliuma yake, mchuzi ukamtiririka kidevuni, naye, akizungumza bila kukatisha sentensi, akajipangusa vidole kwenye milima ya kitambaa cha Mama. Nyumba ilikuwa imelowa. Kiti kilikuwa chini ya sinia. Nimeosha vidonda na kubadilisha nepi za watu wazima miaka mingi bila kukunja uso, lakini mbele ya vidole vile niliangalia pembeni.

Mama alinyoosha mkono.

"Shangazi, ngoja!" Mwenyekiti alikuja mbio na chupa. "Umetakasa mikono?"

Mama alimtazama. Kisha akaliinua sinia, akamkabidhi. "Shika."

Naye akashika. Mama akakikunja kitambaa, kiti kikiwa ndani, akakitia mkobani.

"Shangazi, hiyo ni mali ya makumbusho!"

"Basi njoo uichukue."

Mwenyekiti alizungukazunguka akitafuta pa kuliweka sinia, chupa ikiwa kwapani, lakini meza ilikuwa imejaa. Tulimwacha hivyo.

Ndani ya gari Mama alikikunjua magotini. Kati ya mistari ya buluu palikuwa na doa la mafuta, pana na lenye kung'aa. Nilimwambia nina dawa ya madoa nyumbani, nitalitoa jioni hiyohiyo.

"Thubutu!" Kiganja chake kilikuwa tayari juu ya kiti. "Huyu mume wangu alikuwa akila sambusa hizi kwa mkono, kisha anajifutia shatini. Kila Jumapili nilimgombeza."

Akanyamaza, kama alivyozoea kunyamaza. Nilifungua kioo cha dirisha, kwa sababu harufu ile ilikuwa kumbukumbu yake, si yangu, na mimi bado nilikuwa nataka kutapika.