Majivu ya Fundi Leonardi

Jua ndiyo kwanza linachomoza, na Fundi Leonardi ameinama kwenye kiwanja kitupu Temeke, anamwaga majivu kutoka kwenye debe. Mstari huu ni ukuta. Nafasi ile ni mlango. Tofali bado halijalazwa.

"Ndugu zangu," anawaambia majirani waliokuja kujitolea Jumapili hii, "aliyebeba mgonjwa hasimami. Anayetoka hupishwa. Ukikuta pamejaa, zunguka. Haya, piteni!"

Wanapita. Panapokwama, anafuta majivu kwa mguu na kusogeza ukuta. Hivyo ndivyo mwashi huyu wa kutoka Masasi anavyochora wodi ya wazazi ambayo wakazi wanajijengea kwa kujitegemea.

Ana sababu. Mwaka jana, 1970, binti yake Anastasia alijifungulia kwenye ujia wa hospitali moja, watu wakisukumana mlangoni. Mtoto hakuishi. Sasa Anastasia ni mjamzito tena.

"Nilikuwa namwona," anasema Leonardi. "Kumfikia ndiyo sikuweza."

Leo anayeigiza mgonjwa ni Shomari, mchoma mkaa mwenye kitambi, amelazwa kwenye kitanda cha kamba.

"Mkiniangusha, mtazaa nyie!" anawatishia wabebaji.

Mlangoni amesimama Bi. Thuraya mwenye duka, anaigiza ndugu wa mgonjwa. Wabebaji wanasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Gregori, mama hajambo? Na ule mguu wake?"

"Unapoa, bibi, tunashukuru."

"Jamani, mie nazaa huku!" Shomari anapiga kelele. Watu wanacheka.

Leonardi hacheki. "Nilisema aliyebeba mgonjwa hasimami!"

"Nimpite mama wa watu kama gogo?" Gregori anauliza. "Hilo siwezi, fundi."

Leonardi anachukua debe lake. Kanuni zake zote zilisahau salamu, na salamu huwezi kuikataza. Anafuta mlango ule. Anachora baraza pana kando ya njia, wazee wakae huko, kisha mlango mwingine mbele zaidi.

Wanarudia. "Hamjambo, wanangu?" Bi. Thuraya anaita kutoka barazani.

"Shikamoo!" wanaitikia huku wanatembea. Kitanda kinaingia.

Anastasia, ambaye muda wote ameketi pembeni akitazama, anainuka mkekani, mkono kiunoni, anafuata majivu taratibu mpaka chumba cha ndani.

"Baba, mie nataka kulala hapa, dirishani."

Leonardi anachomeka kijiti pale, alama ya kitanda chake. Kesho anaanza kuchimba msingi. Anataka paa liwe juu kabla siku za binti yake hazijatimia.

"Safari hii sitasukumana na mtu," anasema. "Nitakaa pale barazani na wazee wenzangu, nisubiri kuitwa babu."